Jino la Kirusi, Meno ya Kitana

Kazi ya kwanza ya kuandika niliyopata baada ya kuacha chuo ilikuwa ya makala za utalii. Maneno mia tano, pesa kidogo kwa M-Pesa, na jina lako halitokei popote. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza kwamba nimekulia Nakuru, kwa hivyo kila stori ya ziwa ililetwa kwangu. Sikumbuki ni mara ngapi nimeandika "zulia la waridi". Nimeandika "mamilioni ya flamingo" hata kwa ile miezi ambayo Mama, anayeishi Rhonda karibu kabisa na ua wa mbuga, alikuwa ananiambia kwa simu kwamba huku hakuna ndege, kuna maji tu.

Hiyo ndiyo stori ya kwanza ya Ziwa Nakuru: ndege hawajawahi kuondoka. Inauzwa kwa dola.

Ya pili niliipewa darasa la sita. Mwalimu mmoja alituuliza ni kwa nini flamingo wamehama. Tukakaa kimya. Akasema, "Ni nyinyi." Akahesabu kwa vidole: maji machafu yenu, karatasi za plastiki zenu, vyoo vyenu. Hakuna mtoto wa Milimani aliyesoma shule yetu, kwa hivyo "nyinyi" ilikuwa inajulikana ni nani. Nilirudi nyumbani nikamwona Mama akimwaga maji ya kufulia kwa mtaro, nikamgombeza. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeamini kabisa kwamba povu la Omo la mama yangu ndilo lilifukuza ndege milioni moja.

Makala hii ni kuhusu stori ya tatu. Ilichapishwa mwaka 2014 katika jarida la kisayansi la ISME, na walioiandika ni Peter Peduzzi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria. Kichwa chake, nikikitafsiri nusu ya kwanza tu, ni "Jino la Kirusi". Niliipata kwa bahati, nikitafuta sentensi moja ya kunenepesha makala nyingine ya zulia la waridi. Niliisoma usiku tatu nikiwa na kamusi. Kozi niliyoiacha ilikuwa ya biashara, usiniulize habari za maabara. Lakini hadithi naijua nikiiona, na hii ni hadithi. Nataka kuihakiki kama hadithi, kwa sababu naona ndiyo bora zaidi iliyowahi kuandikwa kuhusu ziwa la kwetu, na kwa sababu kichwa chake kinanikera.

Kwanza wahusika. Juu kabisa yuko flamingo mdogo. Kamusi inasema anaitwa heroe. Sijawahi kumsikia mtu wa Nakuru akimwita hivyo, kwa hivyo tuendelee. Ndege huyu hali samaki. Anainamisha kichwa, mdomo juu chini, anavuta maji na kuyachuja. Ndani ya mdomo kuna safu za vichujio vyembamba, vimepangana kama meno ya kitana. Kinachonaswa humo, kwa wingi, ni kiumbe kimoja: Arthrospira fusiformis. Ni bakteria, ingawa anajitengenezea chakula kwa jua kama mmea. Chembe zake hujipanga kwenye uzi uliojisokota kama springi ya kalamu. Ndiye anayefanya maji yawe ya kijani, na rangi iliyo ndani yake ndiyo inayomfanya ndege awe wa waridi. Jamaa zake hukaushwa na kuuzwa kwenye maduka ya afya kama unga wa spirulina. Kwa hivyo watu wa Westlands wanakula chakula cha flamingo kwa bei ya flamingo.

Hiyo ndiyo karibu ngazi nzima ya chakula. Ziwa la magadi, lenye maji makali kiasi kwamba viumbe vichache tu ndivyo vinavyoyaweza. Bakteria mmoja anatawala, ndege mmoja anamla. Fupi hivyo.

Kisha anaingia mhusika wa tatu, ambaye stori zote mbili za mwanzo hazikumjua. Bakteriofaji, ama faji tu kwa kifupi, ni kirusi kinachoingia kwa bakteria. Si kwa mtu, si kwa ndege. Frederick Twort aliviona London mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akaviona tena Paris na kuvipa jina hilo mwaka 1917. Faji inagota ukuta wa bakteria. Ikiwa alama zilizo kwenye ukuta zinalingana na ncha zake, inang'ang'ania na kupenyeza jeni zake ndani. Bakteria, bila kujua, anaacha kazi zake na kuanza kunakili mgeni. Nakala zikijaa, ukuta unapasuliwa kutoka ndani na zote zinamwagika majini.

Bahari imejaa vitu hivi; kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari kina makumi ya mamilioni ya virusi, na vingi kati yake ni faji. Lakini kina Peduzzi walipopima maji ya Nakuru walikuta mabilioni katika mililita moja. Waliandika kwamba ndiyo idadi kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa katika maji yoyote ya asili. Nilisoma hiyo sentensi mara mbili. Ziwa ambalo nililikimbilia na mpira wa karatasi, ambalo tuliambiwa limekufa, lilikuwa na rekodi ya dunia.

Sasa matukio. Faji zinaingia kwa Arthrospira. Chembe zinapasuka, nyuzi zinakatikakatika, kijani kinashuka. Ndege anainamisha kichwa, anachuja, anachuja tena, hapati cha kutosha, anaruka. Idadi ya flamingo inaporomoka. Waandishi wanasema kisa kimetoka chini kabisa ya ngazi hadi juu kabisa, na wanadhani huenda mambo kama haya yanatokea kwenye maji mengine mengi.

Kama msomaji wa riwaya, hapa ndipo nilipoketi wima. Stori zote tulizozoea kuhusu wanyama zinaanzia juu: simba anakula swala, swala wakipungua nyasi zinakua. Hii inaanzia kwa kitu ambacho huwezi kukiona hata kwa ile hadubini ya shule ya upili, na inaishia kwa mtalii kurudi lodji akilalamika. Tena haina mwovu. Hakuna kidole kinachonyooshewa mtaa wowote. Kwa mtu aliyewahi kumgombeza mama yake kwa sababu ya maji ya kufulia, hiyo si habari ndogo.

Ndiyo maana kichwa kinanikera. Baada ya kutupa stori isiyo na mwovu, waandishi wanaipachika jino. Jino ni la mwindaji. Lina njaa nyuma yake. Ukisema jino umeshasema simba, na sisi wasomaji tumerudi palepale kwa kisa cha nani amemuua nani. D'Hérelle mwenyewe ndiye alianzisha huu ugonjwa: neno alilolitunga limetoka kwa Kigiriki na maana yake ni mla bakteria. Faji haili. Haina tumbo, haina mdomo, haitafuti windo. Inaelea tu hadi igongane na kitu. Karne nzima imepita na bado tunaipikia chakula.

Kiswahili kilikuwa kimelikwepa hili shimo, na sikuwahi kugundua. Angalia ngeli. Kifaru ana "ki" mbele lakini sarufi inajua yuko hai: kifaru anakula, kifaru amelala. Kiboko vilevile, kipepeo vilevile. Tukija kwa kirusi, hatusemi "kirusi ameingia". Wakati wa korona redio zote zilisema virusi vinasambaa, virusi vimebadilika. Tumekiweka kirusi pamoja na kijiko na kiti. Bakteria tukawapa uhai: bakteria wanazaana, wanakufa. Hakuna kamati ya wanabiolojia iliyokaa kuamua, na wanabiolojia wenyewe bado wanabishana kama virusi ni vitu hai. Lugha ya matatu ikaamua bila mkutano. Ndiyo maana nikijaribu kuandika "kirusi kinamla bakteria" kalamu inasita. Kijiko hakili.

Halafu nikafikiria tena lile jino, na hapa lazima niwape waandishi haki yao. Kwa Kiswahili si lazima jino liwe la mnyama. Msumeno una meno, hadi jina lake limejaa meno. Kitana kina meno. Hayo ni meno yasiyo na njaa. Yanapita mahali, na kinachotokea kinategemea kilichokuwa pale: nywele zilizosongamana zinanaswa, nywele chache zinapita. Ukisoma kichwa hivyo, "jino la kirusi" linafanya kazi nzuri kuliko walivyokusudia, na linapokezana na mdomo wa flamingo ambao pia ni kitana. Vitana viwili kwenye ziwa moja, kimoja kinatoka juu na kingine kinatoka chini, vyote vinapita kwa nywele zilezile.

Kusongamana ndiyo siri yenyewe. Frede Thingstad, mwanasayansi wa Bergen kule Norway, na wenzake walieleza miaka ya tisini kanuni ambayo siku hizi inaitwa "ua mshindi". Bakteria wa aina moja akizidi wengine kwa idadi, faji zinazomlenga nazo zinaongezeka, kwa sababu kila ikipasuka moja inakuta jirani wa aina ileile karibu. Mshindi anapunguzwa. Wale wadogo, waliokuwa wachache mno kugongwa, wanapata nafasi. Ndiyo sababu moja inayofanya maji yenye chakula kidogo yaweze kubeba aina nyingi za bakteria badala ya mbabe mmoja.

Rafiki yangu mmoja, ambaye kila kitu kwake ni mapinduzi, nilipomweleza haya alipiga meza. Tangu Juni 2024 watu wa rika letu wanatafuta kila mahali ushahidi kwamba wakubwa huanguka, na hapa asili yenyewe imetoa ilani. Akataka tuchapishe fulana. Nikamwambia asome ukurasa unaofuata kwanza. Faji haichagui mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Haina kinyongo. Inagonga waliosongamana, na waliosongamana wanaweza kuwa mbabe ama wanaweza kuwa abiria wa mat saa kumi na mbili jioni. Kinachofuata pia si usawa. Arthrospira akianguka kwenye maziwa yetu ya magadi, mara nyingi nafasi inachukuliwa na viumbe vya kijani vidogo sana, vidogo kiasi kwamba vinapita katikati ya meno ya mdomo wa flamingo. Ziwa bado lina uhai tele. Ndege analala njaa katikati ya supu. Fulana haikuchapishwa.

Na neno "ua" lenyewe linaficha nusu ya mambo. Bakteria akipasuka hapotei. Kilichokuwa ndani yake kinamwagika majini, na bakteria wengine wanakinywa. Inakadiriwa kwamba baharini virusi huua karibu asilimia 20 ya uzito wote wa vijidudu kila siku, na sehemu kubwa ya hicho kinarudi kuwa chakula cha vijidudu badala ya kupanda ngazi kwenda kwa wanyama wakubwa. Kwa hivyo faji haimpunguzii flamingo idadi ya nyuzi tu. Inabadilisha njia ya chakula, kinabaki kikizunguka chini. Ningependa makala ya Vienna ingekaa hapa zaidi. Ina haraka ya kufika kwa ndege, na namwelewa mwandishi. Mimi pia nimelipwa kufika kwa ndege haraka.

Kuna aina nyingine ya maandishi kuhusu faji ambayo inanisumbua kwa upande wa pili, nayo ndiyo imejaa siku hizi: virusi wema. Dawa za antibiotiki zinashindwa, faji zinakuja kutuokoa. Msingi upo. Taasisi ya Eliava kule Tbilisi, Georgia, imekuwepo tangu 1923 na imetibu watu kwa faji wakati sehemu nyingine za dunia zilikuwa zimesahau. Hapa Nairobi, watafiti wa ILRI wamekuwa wakitafuta faji za kupambana na Salmonella ya kuku. Sina shida na kazi hiyo, natamani iende mbio. Shida yangu ni uandishi unaogeuza faji kuwa malaika mara tu inapoacha kuwa simba.

Chukua kipindupindu, ambacho mitaa yetu inakijua kwa jina. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba ile sumu inayomharisha mtu hadi akauke haikuwa ya bakteria mwenyewe. Jeni zake zinabebwa na faji. Faji hiyo haimpasui bakteria. Inajichomeka kwenye jeni zake na kukaa, na mwenye nyumba anapata silaha ambayo hakuzaliwa nayo. Wakati huohuo, watafiti waliofuatilia maji ya Dhaka, Bangladesh, walikuta faji za aina nyingine, zinazompasua bakteria huyohuyo, zikiongezeka kadiri mlipuko unavyokaribia mwisho. Faji ilimpa sumu, faji nyingine ikampunguza. Sasa niambie utaiandikaje hiyo kwa mtindo wa wema na waovu. Tumezoea masimulizi yenye pande mbili hivi kwamba kitu kisicho na upande tunakilazimisha kuvaa jezi.

Nirudi Nakuru, kwa sababu kuna jambo moja ambalo nikiliacha nitakuwa nimeandika makala nyingine ya utalii.

Stori ya faji haimsafishi kila mtu. Ilinivutia kwa sababu ilinitoa mimi na Mama kizimbani, na mhakiki anayependa kitabu kwa sababu kimemwachilia huru anafaa kujichunguza. Maji ya mji yanaingia ziwani, hilo halina ubishi. Tangu karibu 2010 ziwa limepanda, likameza lango kuu la zamani na barabara za mbuga, na maji yakiongezeka magadi yanapungua ukali, Arthrospira hapendi. Watafiti wengine wamekuta sumu za sianobakteria ndani ya flamingo waliokufa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Faji ni mhusika mmoja kwenye umati. Swali ninalobaki nalo nikimaliza "Jino la Kirusi" ni ni nini kiliwasonganisha Arthrospira kiasi hicho, ama kuwadhoofisha, hadi kitana kikanasa. Huenda jibu linapitia mtaroni. Lakini halitakuwa lile jibu la mwalimu, la kidole kimoja na darasa moja.

Tofauti ninayoiona kati ya stori hizo tatu ni pale zinapoanzia. Ya watalii inaanzia kwa ndege na kuishia kwa ndege. Ya mwalimu inaanzia kwa ndege na kuruka moja kwa moja hadi Rhonda, bila kugusa maji. Ziwa lenyewe halimo. Hii ya Vienna ndiyo ya kwanza niliyosoma ambayo mtu alitumbukiza chupa majini na kuuliza kilichomo kabla ya kuuliza ni kosa la nani.

Disemba iliyopita nilienda nyumbani na kumweleza Mama yote, jikoni, akikaanga vitunguu. Nilimweleza uzi unaojisokota, ukuta unaopasuka, ndege anayechuja supu tupu. Aliniacha niongee hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Na hivyo virusi, viko kwa maji ya mfereji?"

"Viko kila mahali, Mama. Hata ndani ya tumbo lako sahii. Havina shida na mtu."

"Na vimekuwa ziwani miaka hiyo yote?"

"Kabla ya mji."

Akageuza vitunguu. "Na wewe ukanikataza kumwaga maji wiki mzima," akasema. "Nilikuwa nayabeba kwa ndoo hadi kwa choo cha ploti. Unakumbuka hiyo ndoo?"

Nilikumbuka. Ilikuwa ya bluu, ilikuwa imepasuka mkono.